Boti Haikufia Baharini

Nilialikwa kuongea na vijana wa ufundi na wavuvi hapa Kilifi, mmoja wao akanirekodi kwa simu, kwa hiyo haya ni maneno yangu vile yalivyotoka, nimeondoa tu kukohoa na zile salamu za watu waliokuwa wakipita njia.

Wazee shikamooni. Kina mama hamjambo, vijana mambo vipi. Mimi si mtu wa maikrofoni, mimi ni mtu wa grainda, kwa hiyo nikipaza sauti sana mnisamehe, nimezoea kuongea juu ya kelele.

Kabla sijaenda mbali nataka mkione hiki. Wa nyuma mnakiona? Basi kizungusheni, kila mtu akishike, lakini kirudi. Ni kizibo cha boti, kidogo tu kama kidole gumba, raba na mkono wa kukazia, hakuna zaidi. Boti ninayotaka kuwaelezea leo iliuliwa na kidude hicho. Na siku ya kuishusha majini mbele ya umati kidude hicho hicho nusura kiiue mara ya pili, na mara hio mkosa alikuwa mimi. Ntafika huko.

Niliikuta nyuma ya hoteli moja iliyofungwa zamani. Nilikuwa nimeitwa kuangalia tanki la maji la faiba lililopasuka, nazunguka nyuma kutafuta kivuli, naona kitu cha rangi ya machungwa kimetokeza kwenye majani chini ya mkanju, nikadhani ni gari. Kumbe ni spidiboti. Futi 16, faiba, umbo lile la miaka ya sabini, omo, ile pua ya mbele, refu limechongoka, kioo cha mbele kimelala kama cha gari la mashindano. Rangi upande wa jua imegeuka kama chai ya maziwa, ukipitisha kidole unatoka na unga. Ndani kuku wa soja wanataga, ngamani, pale chini kabisa ndani ya boti, umeota mwarobaini umenifika kifuani, na chini ya sitaha ya mbele kuna nyuki. Nikamuuliza soja hii iko hapa tangu lini, akanijibu tangu kifungua mimba wake hajaanza shule. Huyo mtoto sasa ni dereva wa lori.

Mke wangu alivyoiona picha kwenye simu alisema neno moja tu, "Kuni?"

Sasa kwa nini niliitaka. Angalieni boti zetu nyingi za faiba hapa, chini ziko bapa au karibu na bapa, zinabeba sana, zinakula mafuta kidogo, lakini upepo wa kusi ukishika ukikimbia nazo unapigwa mgongo mpaka meno yanagongana. Hii ilikuwa na tumbo la herufi V, kali kutoka omo mpaka tezi, yaani ukuta wa nyuma. Hilo tumbo lina historia yake. Kuna Mmarekani alikuwa anaitwa Ray Hunt ndiye aliyelichora, na mwaka 1960 boti yenye tumbo hilo, jina lake Moppie, ikashinda mbio za Miami mpaka Nassau bahari ikiwa mbaya kweli, wenzake wanagonga wimbi yeye analikata. Baada ya hapo kila mtu akataka V. Na mwaka mmoja kabla, 1959, Volvo Penta walikuwa wametoa ile mashine inaitwa Aquamatic, injini inakaa ndani ya boti kama ya gari halafu mguu wenye panga la kusukuma maji unatoka nje kupitia tezi. V ya Hunt na mguu wa Volvo, hivyo viwili ndivyo vilivyozaa spidiboti za starehe za miaka ya sitini na sabini, na hii yangu ilikuwa ni mjukuu wao, tundu la ule mguu bado liko pale tezini, mashine yenyewe ishang'olewa zamani, nadhani iliishia kwenye pampu ya shamba la mtu.

Kitu cha kwanza sikubeba grainda, nilitafuta karatasi. Vijana hapa nisikizeni. Boti kutupwa haina maana kwamba haina mwenyewe. Kuna boti moja Uingereza inaitwa Bluebird K7, ya Donald Campbell, ya injini ya jeti. Tarehe 31 Desemba 1964 kwenye ziwa Dumbleyung huko Australia alipiga maili 276 kwa saa, rekodi ya dunia ya majini. Tarehe 4 Januari 1967 akajaribu kupita maili 300 kwenye ziwa Coniston, omo likanyanyuka, boti ikapinduka hewani ikajipiga majini, akafa hapo hapo. Boti ikalala chini ya ziwa miaka 34 mpaka mpiga mbizi Bill Smith na wenzake wakaitoa Machi 2001. Wakaijenga kwa kujitolea, mwaka baada ya mwaka, msumari baada ya msumari, na Agosti 2018 ikakimbia tena kwenye Loch Fad kule Scotland. Uzuri wote huo, alafu watu wakaanza kuvutana, familia ilishaitoa kwa makumbusho ya Ruskin pale Coniston, na waliojenga wanasema na sisi tuna vipande vyetu mle ndani. Mpaka 2024 ndio ikarudi Coniston. Sasa kama watu wanavutana juu ya boti ambayo dunia nzima inajua ni ya nani, wewe na mtumbwi wako wa nyuma ya hoteli utafanyaje siku mtoto wa mwenyewe akitokea na wakili baada ya wewe kumaliza kupiga rangi?

Mwenyewe alikuwa ashakufa. Mtoto wake nikampata Ulaya kupitia mtu aliyemjua mtu, tukaandikiana WhatsApp miezi mitatu. Nilidhani ataniuliza bei. Alichoniuliza, na aliuliza mara mbili, ni kama ile stika ya samaki bado iko kwenye dashibodi. Nikarudi kuangalia, nikafuta mavi ya kuku, ikawa iko, nduaro wa buluu ametoboka jicho. Nikampiga picha. Wiki ile ile akaniandikia barua ya kuniachia boti, ukurasa mmoja, ikapigwa muhuri kwa wakili hapa mjini. Nyuki nao wakaondolewa na mzee mmoja Mgiriama wa kule Ganze mwenye mizinga yake, alikuja usiku na moshi, akaondoka na nusu ndoo ya asali, tukawa hatudaiani.

Haya, sasa mambo ya kizibo. Mwenyewe alipoipandisha boti mara ya mwisho hakukitoa. Ni hilo tu, hakuna kosa lingine. Boti ikiwa majini kizibo kinazuia bahari isiingie, boti ikiwa nchi kavu kizibo kinazuia mvua isitoke. Mvua ya hapa kwetu kwa mwaka ni karibu mita moja ukiikinga kwenye ndoo iliyosimama wima, na kila mita moja ya mraba ikipokea mita moja ya mvua hizo ni lita 1,000. Boti ile imefunuka kama mita 4 za mraba hivi. Pigeni hesabu wenyewe, alafu mzidishe kwa miaka ya yule dereva wa lori. Najua jua linakausha, lakini linakausha juu, ile iliyoingia chini ya sakafu haina pa kwenda.

Na maji ya mvua ni mabaya kuliko ya bahari, hili watu wengi wanabisha, hata wazee wengine hapa naona wananiangalia. Kinachooza mbao ni ukungu, na ukungu haupendi chumvi. Zamani mafundi wa Marekani walikuwa wanajaza chumvi ya mawe katikati ya mataruma, zile mbavu, ya meli zao za mbao makusudi. Na nyinyi wenyewe mmeona jahazi linakaa majini miaka na miaka, linapakwa sifa na deheni, yale mafuta ya samaki na shahamu ya chokaa, linakwenda, mlipandishe mlisahau ufuoni masika mbili tatu muone. Kwa hiyo mtu akiniambia boti yangu iko salama, iko nyuma ya nyumba, mimi moyo unaruka. Nyuma ya nyumba ndiko boti zinakofia.

Mtasema lakini hii ni faiba, faiba haiozi. Faiba haiozi kweli. Ila boti ya faiba si faiba tupu, ndani imefichwa mbao. Tezi ni plaiwudi iliyofunikwa faiba, na chini ya sakafu kuna mbao za urefu zinazobeba tumbo lisipinde. Mimi nilikuwa naziita mataruma mpaka mzee mmoja fundi wa jahazi akanisahihisha mbele ya watu, akasema taruma ni la kukingama, hio inayokwenda urefu tafuta jina lingine. Mpaka leo sijalipata, naziita mbao za chini.

Basi nikaanza kugonga. Hii haihitaji mashine, chukua mpini wa bisibisi, gonga boti yote kama daktari anavyogonga kifua. Pazima panalia ko ko ko, pakavu, sauti inakurudia. Palipokufa panalia bu bu kama unagonga papai. Omo lote likalia ko. Pande zikalia ko. Nikafika tezi, bu. Sakafu, bu. Nikatoboa tundu dogo tezini kwa ndani, maji yakatoka rangi ya chai ya mkandaa, na harufu yake kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni wiki nzima, na yalitoka mpaka nikaenda kula nikarudi bado yanatoka. Kuna ule msemo, kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa boti hii haukuwa msemo, maji yote ya miaka yote yalikuwa yamerejea ngamani yanasubiri.

Kosa ambalo karibu nilifanye, na nimeona wengine wakilifanya, ni kukata sakafu hapo hapo. Boti ilikuwa imekaa juu ya magogo mawili tu, na mbao za chini zimeoza, kwa hiyo tumbo lilishaanza kulala katikati ya magogo. Ungekata sakafu ile boti ikiwa hivyo, ungeijenga upya ikiwa imepinda, na V iliyopinda karibu na tezi inakuchimbia omo kwenye maji kila ukikimbia. Nikatengeneza kitanda cha mbao kinachofuata tumbo, sehemu sita, nikavuta uzi kutoka omo mpaka tezi, nikapandisha kwa jeki kidogo kidogo siku nne, milimita kwa milimita, mpaka uzi na mkuku, ule uti wa chini ya boti, vikakubaliana. Siku nne bila kukata kitu. Kijana niliyekuwa naye alidhani nimechanganyikiwa.

Ndipo tukakata. Chini ya sakafu waliweka povu, lile gumu la manjano la kuisaidia boti ielee, na povu hilo lilikuwa limekunywa. Kipande unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja kikiwa kikavu tulikitoa watu wawili. Mbao za chini zilitoka kwa koleo kama mboji, ndani mna mnyoo wa ardhi mzima mzima anaishi maisha yake. Tezi nayo tukaikwangua kwa patasi mpaka ikabaki ngozi ya nje peke yake, unaona mwanga wa jua unapita. Siku hio niliiangalia boti ilivyo, ganda tupu, nyepesi, watu wanne tunainua, nikajiambia hapa bado unaweza kurudi nyumbani hakuna atakayekucheka. Bahati mbaya umati ulikuwa ushajua.

Kuhusu vumbi la faiba sitawaficha. Linawasha mwezi mzima. Vaa ovaroli, funga mikono kwa seloteipu, maski iwe ile ya vichujio viwili pembeni sio kitambaa cha corona, na ukitoka oga maji baridi kwanza, ukianza na ya moto ngozi inafunguka unalikaribisha ndani. Na hadna, ile chupa ndogo ya dawa ya kugandisha risini, gundi ya faiba, ichungeni kama sumu ya nyoka. Tone likiingia jichoni unaweza kupofuka, usisubiri, maji mengi hapo hapo dakika zaidi ya kumi na tano alafu hospitali. Miwani ni bei rahisi. Na sigara na asitoni havikai chumba kimoja, hilo nadhani mnalijua, lakini yule aliyejua zaidi ndiye aliyenichomea turubai.

Joto letu nalo lina mambo yake. Vitabu vya hizi kazi vimeandikwa na watu wa baridi, wanakwambia tia hadna asilimia mbili. Tia mbili Kilifi saa sita mchana uone, ndoo inaanza kutoa moshi kabla hujachovya brashi, mimi niliitupa mchangani ikaganda kama jiwe, kijana wangu akaiweka mlangoni kama ukumbusho. Hapa ni asilimia moja, wakati mwingine hata moja imezidi, na kazi inaanza alfajiri mara umande unapokauka, saa nne unafunga. Mchanganyiko kidogo kidogo kwenye chombo bapa, usirundike kwenye ndoo, risini ikiwa nyingi mahali pamoja inajipasha moto yenyewe. Na masika usiguse, mati, ule mkeka wa nyuzi za faiba, ikishika unyevu umekwisha, utakuja kuibandua kama ganda la muhogo.

Tezi niliijenga kwa plaiwudi ya baharini, shiti mbili za milimita 18 zilizogandishwa pamoja, nikafunika ukingo wote kwa epoksi, na kila tundu la boliti nililitoboa kubwa, nikalijaza epoksi, alafu nikatoboa tena katikati dogo, ili hata siku silikoni ikichoka maji yasikutane na mbao. Hii ya tundu ndani ya tundu inachosha, inachukua siku mbili kwa kitu ambacho hakuna mtu atakiona, na ndio tofauti ya tezi ya miaka mitano na tezi ya miaka thelathini. Nilishawishiwa nitumie mvule, mbao ya babu zetu, lakini mvule una mafuta yake na risini ya kawaida haiushiki vizuri. Mvule ni wa jahazi, msumari na kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa, kila mbao na ndoa yake. Skrubu nilizotumia zote ni chuma kisichoshika kutu namba 316. Zile za shaba ya njano zinapendeza sana dukani lakini maji ya chumvi yanazila zinki yake, inabaki kitu chekundu kama biskuti, unaishika inavunjika.

Sasa swali la mashine, hapa tulizozana mpaka usiku. Kuna rafiki yangu anasema ukifufua kitu fufua chote, tafuta Volvo ya zamani, rudisha mguu mahali pake. Na ana hoja. Kuna Riva Aquarama moja ya mwaka 1968, boti ya Kiitaliano ya mbao, mwenyewe alikuwa Ferruccio Lamborghini huyu huyu wa magari, akaitilia injini mbili za V12 za kwake, farasi 350 kila moja. Baadaye ikauzwa, injini zikatolewa, boti ikaja kukaa miaka imefunikwa kwenye yadi, mpaka Waholanzi wa Riva-World wakaichukua, wakaihangaikia miaka mitatu, wakatafuta injini za aina ile ile wakazirudisha, na vanishi juu wakapaka matabaka 25. Ikatoka 2013. Ukiiona unaelewa. Lakini ile ni Riva na wale ni Waholanzi, mimi ni fundi wa Kilifi, spea za Aquamatic ya zamani nitazitoa wapi, na siku ikifa Jumamosi jioni nje ya mwamba nitampigia nani? Nikaziba tundu. Nikaweka Yamaha 40 ya kuning'inia, ya mkono wa pili, ile ile kila mvuvi hapa anaijua kwa kuisikiliza tu, petroli na oili unachanganya lita 50 kwa 1, spea ziko mpaka duka la mchele. Rafiki yangu hakuniongelesha wiki mbili. Hata ile K7 walibishana hivyo hivyo, wako waliosema ihifadhiwe ilivyotoka ziwani na majeraha yake, wako waliosema boti isiyokimbia ni kabati. Mimi niko na wa pili, ila sijioni nimeshinda hoja. Ile boti ilikuwa imepigiwa hesabu injini ikae ndani, mimi uzito nikauning'iniza nje, ikabidi nihamishe tanki la mafuta na betri mbele kabisa kuisawazisha, na bado ukiijua unaona omo linakaa juu kidogo kuliko lilivyozaliwa.

Mahali pengine nilikuwa mkali wa uasili, msidhani. Rangi ile ya machungwa sikuipaka upya. Ukichimba unga wa juu unaikuta chini nzima, basi ni msasa wa maji, 400, 600, 800, 1000, 1500, alafu kompaundi, mkono unakufa ganzi, wiki tatu. Mikwaruzo mikubwa ya ubavuni iko pale pale. Kioo cha mbele kilikuwa kimepasuka, pleksi mpya nikakata kwa kufuata katoni, lakini ilihitaji kupinda, na pleksi haipindi mpaka ifike kama nyuzi 150 hivi, oveni ya ukubwa huo hakuna. Nikaenda kwa jamaa mwenye tanuri la mikate, nikamsubiri amalize mikate ya alfajiri, tanuri linapoa, tukaitia. Mara ya kwanza ikalegea kama chapati ikashika alama za trei, ya pili ikakubali. Yule jamaa anasema wateja siku mbili walilalamika mkate unanuka duka la stationery. Viti nimeshonewa na fundi wa viti vya matatu pale stendi, nilimwambia nataka vyeupe vya mistari ya machungwa, akaniuliza na jina la klabu gani mgongoni. Na dashibodi niliikata kuzunguka ile stika, nikajenga mpya, nikamrudisha nduaro wangu mahali pake na jicho lake lililotoboka.

Miezi kumi na minne. Mnataka kujua pesa, naona mzee pale ameshainua mkono. Mzee, pesa niliyotia ningepata boti mpya ya faiba ya kuvulia, kubwa kuliko hii, na chenji. Mtu akikwambia kufufua boti kuukuu ni njia ya kupata boti rahisi, huyo anakuuzia boti kuukuu. Ila tuulizane upande wa pili, hii ingebaki pale mkanjuni ingeenda wapi? Haiozi. Plastiki ya ndala na chupa unaweza kuyeyusha ukaiumba tena, wenzetu wa Lamu si walijenga jahazi zima, Flipflopi, wakalishusha 2018. Faiba haiyeyuki, risini ikishaganda imeganda, ukiitia moto inaungua moshi mweusi tu. Wafaransa tangu 2019 wana mpango wa nchi nzima wa kuvunja boti za starehe zilizokufa, mana zimewajaa. Sisi tukitembea hapa mtoni mpaka Takaungu tunazihesabu kwa vidole bado. Kwa hiyo niliyofufua ni moja, na vile vipande tulivyovikata nilivizika wapi? Yale mapovu na makapi yalienda jaa kama taka nyingine, sina sifa hapo.

Siku ya kuishusha nilingoja bamvua, maji yanapojaa sana, maji mafu yasingefika pale tulipo. Watu wakaja, kulikuwa na dua, kahawa na tende, mzee wa jahazi aliyenisahihisha akaketi mbele kabisa. Boti ya machungwa juu ya trela inang'aa, simu zote juu. Tukaisukuma, ikaelea, watu wakapiga makofi, mimi nikarukia ndani na kijana wangu, mashine ikashika mvuto wa pili, tukatoka. Karibu na daraja nikafungua mafuta ikapanda juu ya maji, lakini ikaanza kurukaruka kama pomboo, omo juu omo chini, nikajua mashine imeegemea nje sana, nikazima nirudishe pini ya kuiegemeza tundu moja ndani. Nimeinama pale tezini na spana, nahisi miguu ina baridi. Naangalia chini, maji yako kwenye vifundo.

Miezi kumi na minne kizibo kilikuwa nje, jinsi inavyotakiwa nchi kavu. Mimi mwenyewe nilikitundika msumarini jikoni siku ya kwanza kabisa nikaapa hii boti mvua haitalala tena ndani yake. Na kiko wapi sasa hivi? Jikoni, msumarini.

Mtu akikimbia na tundu wazi maji yanatoka yenyewe kwa mwendo, shida ni ukisimama, na mimi nilikuwa nimesimama chini ya daraja nafungua boliti. Kijana akavua fulana, akaisokota akaisokomeza kwenye tundu, nikawasha, tukarudi mbio omo juu kama tunashindana, tukapanda mchangani moja kwa moja. Umati unashangilia, wanadhani ni mbwembwe. Mzee wa jahazi hakushangilia. Alisimama akaja polepole, akaangalia fulana inayochungulia tezini, akasema, "Na hili nalo utalitafutia jina?"

Nikamtuma mtoto nyumbani na bodaboda akalete kizibo. Jioni ile ile tukatoka tena, pini ikiwa tundu la ndani, haikuruka tena, simu ilisoma mwendo wa noti 26 tukiwa wawili, na nje ya mlango wa mto kulikuwa na wimbi la kusi, V ikalikata, sikuhisi kitu mgongoni. Nikamtumia yule mtoto wa mwenyewe video, dashibodi na nduaro na maji yanapita. Alijibu kesho yake. Aliandika kwamba ameiangalia na sauti imezimwa kwanza, alafu na sauti.

Sasa hivi boti iko hapo chini, imekaguliwa na watu wa KMA, mamlaka ya vyombo vya majini, ina leseni, ina jaketi za kuokolea sita. Maji yanajaa saa kumi. Anayetaka kuiona tushuke wote, watano watano tutazungusha mpaka darajani na kurudi, wazee kwanza.

Haya, kizibo kiko kwa nani?